Mkebe Chini ya Kitanda Kisichotajwa

Mume wangu Machogu alikuwa na msemo mmoja tu kuhusu pesa, na aliurudia mpaka nikauchukia: "Akiba haiozi, Mama Nyamongo." Alikuwa mpishi wa Mzungu mmoja huko Kericho, kwenye mashamba ya chai, na kila alipokuja likizo nyumbani Sironga nilimuuliza, haya, akiba yenyewe iko wapi? Iko posta? Iko benki? Anacheka. Ati benki ni ya watu wasiojua kuficha. Nikimbana, anasema mwanamke akijua pesa zilipo, soko zima limejua. Mimi! Mimi niliyelima pareto yake mpaka mgongo ukakataa kunyooka! Basi nikameza, nikaendelea kulima.

Mwaka wa sitini na saba akarudi moja kwa moja. Mzungu wake alikuwa ameuza vitu akaenda kwao, na Machogu akashuka na sanduku lake na ndoto yake. Ndoto ilikuwa Nyansiongo. Yale mashamba ya walowezi yalikuwa yanakatwakatwa na kugawiwa watu wetu, naye alitaka kipande kimoja, afuge ng'ombe wa gredi, azeeke akinywa maziwa. Kilichobaki ni kulipa malipo ya kwanza tu. Nilifurahi, kusema kweli. Nilijiona tayari nikikamua.

Halafu chifu akaita baraza. Akatangaza kwamba noti za zamani, zile zenye sura ya Malkia, wiki hiyo ikiisha hazitakuwa pesa tena. Hata Kirit, Mhindi wetu wa duka, hatazipokea. Hakuna aliyeshtuka, maana habari ilikuwa imezunguka miezi mingi, na zangu za pareto nilishazibadilisha kitambo. Lakini nilipomtazama Machogu, uso ulikuwa rangi ya jivu.

Tangu siku hiyo hakula. Aliweka kigoda chake karibu na ghala, akakaa akiielekea nyumba ya mwanetu Nyamongo, akaikodolea macho kutwa. Nyumba ya mwana aliyeoa! Mkaza mwana wetu, Esnah, akawa anaogopa hata kutoka kumwaga maji machafu. Alinijia jikoni. "Mama, nimemkosea baba nini? Mbona ananitazamia mlango?"

Hapo nikachoka. Nikaenda nikasimama kati ya kigoda na ile nyumba.

"Baba Nyamongo, una nini?"

"Sina kitu."

"Una nini?"

Akaonyesha kwa kidevu. "Zimo mle."

"Nini zimo mle?"

"Pesa."

Jamani. Jamani! Kumbe zamani, Nyamongo alipotahiriwa na kujengewa esaiga, kile kibanda cha vijana, baba yake alichimba shimo sakafuni akazika mkebe wa mafuta, na kila likizo, kijana akiwa shuleni, akaongeza noti ndani yake. Hesabu yake ilikuwa hivi: wanawake huchimba kila mahali, shambani, jikoni, hata nyuma ya choo, lakini kijana wa kiume hachimbi kitu wala hakandiki sakafu. Hesabu nzuri sana. Alisahau jambo moja tu, kwamba vijana huoa. Mwaka uliotangulia, yeye akiwa Kericho, Nyamongo alimleta Esnah, na kwa kuwa hawajajenga, wakaingia humo humo.

"Na ule mkebe uko sehemu gani?"

Akavuta kofia ikamfunika macho. Nikamsaidia. "Uko chini ya kitanda."

"Nyamaza, mwanamke! Chinsoni!"

Asiye wa kwetu acheke akipenda. Chinsoni ni ile haya baina ya mzazi na mwanawe. Mwana akishaoa, baba hakanyagi nyumba yake, hata mvua ya mawe ikimpiga mgongoni. Mimi mama naingia mpaka mekoni, lakini kitanda cha mwanangu sikisogelei wala sikitaji. Mtu akivunja, mbuzi atachinjwa, na hata mbuzi akishaliwa watu bado watasema. Kwa hiyo uzee wetu wote ulikuwa pale, hatua chache kutoka kwenye kigoda, na siku zinakwenda, na hakuna kati yetu wawili wa kuufikia.

"Mwite Nyamongo basi, umwambie achimbe."

Akainamisha kichwa. Na hapo ndipo nilipotaka kumpiga na kile kigoda, Mungu anisamehe. Kwa sababu mwaka mzima Nyamongo alikuwa akimwandama baba yake kuhusu ng'ombe wa mahari ya Esnah, na mwaka mzima jibu lilikuwa, "Mwanangu, sina hata senti, subiri." Kijana alikwenda Ogembo kwa wakwe zake kuomba muda, mashemeji wakamcheka mbele ya mkewe. Baba yake Esnah alikuwa ameapa kumchukua binti yake mavuno yakiisha. Kumbe watoto wale walikuwa wanalala juu ya mahari yao wenyewe!

"Mficha uchi hazai," nilimwambia. "Na wewe umeuficha mpaka umeozea mle."

"Akiba hai..."

"Thubutu umalize!"

Nikaenda kwa mama yake Machogu, Persis. Bibi na wajukuu hawana chinsoni. Nyamongo humwita "bwanangu" na Esnah humwita "mke mwenzangu", na utani wao mimi husikia aibu kuusikiliza. Nilimweleza kila kitu. Kikongwe alicheka mpaka akakohoa, akaomba maji, akacheka tena. Machogu akaja nyuma yangu akimbembeleza: "Mama, mwambie msichana ni dawa tu ya boma." Persis akamtazama. "Mimi nimebatizwa, sisemi uongo," akasema. "Lete jembe."

Aliingia. Sisi tukabaki uani. Na yule kikongwe, makusudi kabisa, akapaza sauti ili majirani nao wasikie: "Mke mwenzangu! Inua kitanda! Kitanda, nasema! Mguu huu wa kitanda, ndipo baba mkwe wako alipolaza ng'ombe zako!" Machogu alikimbilia migombani akiwa ameziba masikio kwa mikono miwili.

Mkebe ukatoka. Noti zilikuwa na unyevu na harufu ya panya, lakini nzima. Esnah alikuwa mlangoni, udongo mpaka kwenye viwiko. Alizitazama, akakitazama kigoda kitupu cha baba mkwe wake. Akarudi ndani kusawazisha sakafu. Nilimsikia akilia huku anakandika. Kilio kile kiliniuma kuliko mwaka mzima wa maneno ya watu wa Ogembo.

Persis akaniwekea mkebe mapajani. Machogu akatokea migombani, mkono mbele. "Lete, nikimbie Kisii."

"Tutakimbia wote," nikasema, na mkebe nikaufunga mgongoni kwa leso, kama mtoto.

Foleni ya benki ilizunguka ukuta. Tulifika dirishani karibu wakati wa kufunga, karani akashika pua, akahesabu, akatupa noti mpya. Nilizipokea mimi. Tulipotoka ngazini Machogu akanyoosha tena mkono ule.

"Kwanza Ogembo," nikamwambia. "Ng'ombe za Esnah. Kitakachobaki ndicho chetu."

"Na Nyansiongo?"

"Nyansiongo itangoja."

Macho yakamtoka. "Huo ni uzee wangu, Mama Nyamongo! Jasho langu! Unataka nizeekee wapi?"

Watu walikuwa wanatutazama. Sikujali. "Hebu hesabu milango," nikamwambia. "Wa Nyamongo umekufungia. Mdogo wake, Manasseh, akioa, wake utakufungia. Hata ukifika Nyansiongo ujenge boma kubwa namna gani, kila mwana akioa mlango mmoja umekwisha. Utabaki na mlango mmoja tu duniani wa kuingia bila kubisha, nao ni wangu. Na miaka yote hii mimi ndiye uliyenificha."

Alivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa. Nikadhani hatimaye maneno yamemwingia. Halafu, haki ya Mungu sitanii, akasogea na kuninong'oneza:

"Na sakafu ya mle kwako, ni laini?"

Nikamshika mkono wa koti, nikamrudisha ndani ya benki.