Pua ya Mama

Povu lilikuwa limetulia tuli kwenye kichwa cha mtungi, kwa hiyo binti, fundi wa majiko, akasogeza brashi taratibu kuufuata mpira wa gesi, kipande kwa kipande. Alikuwa amepiga magoti jikoni kwa baba yake, mlango wazi, bakuli la maji ya sabuni ubavuni. Pale mpira unapojikunja nyuma ya meza, povu likaanza kutokota. Vijipovu vidogo, kimoja kikipasuka, kingine kinachungulia.

"Hapa hapa," alisema, akafunga mtungi.

"Nilikwambia jiko halina neno," baba yake akasema kutoka mlangoni. "Ni mpira tu."

"Mpira ndio neno lenyewe, Baba. Umepasuka tangu lini?"

"Nitajuaje? Haukuniaga."

Nyusi za mzee zilikuwa zimeungua, zikabaki vinyweleo vya kuhesabika. Wiki iliyopita aliwasha kiberiti, moto ukamrukia usoni, na jirani ndiye aliyepiga simu. Tangu hapo baba na binti walikuwa na makubaliano: akionekana anaweza kujipikia bila kujiunguza, atabaki kwake. Asipoweza, atahamia kwa binti, kwenye vyumba viwili vyenye watu watano.

"Nikija kwako mtaniweka wapi?" aliuliza siku ile. "Juu ya kabati, pamoja na masanduku?"

Binti alicheka tu.

Hakuna aliyemfundisha kazi hii. Aliijua kwa kufungua majiko mabovu na kuyafunga tena mpaka yakakubali. Alikata mpira mpya, akausukuma mpaka mwisho, akakaza vibano vya pande zote mbili, kisha akafungua mtungi na kupaka povu upya. Halikutokota. Akasubiri kidogo, akapaka tena. Safi.

"Haya, washa mwenyewe nikuone."

Mzee akasogea. Akatoa njiti ya kiberiti, akafungua gesi, akageuzia uso upande wa chumbani.

"Vipi huko?" akaita.

Akangoja. Gesi ilikuwa inafoka. Kisha akainua njiti kutaka kuipiga, na binti akamshika mkono, kwa mkono wa pili akafunga gesi.

"Baba. Unamwuliza nani?"

Mzee akaangalia njiti kana kwamba ndiyo iliyoulizwa.

"Mama yako."

Mama alikuwa amezikwa miezi mitano iliyopita.

Binti akaitoa njiti mkononi mwa mzee. Alijua kwamba pua ya baba yake ilikufa zamani. Miaka thelathini alipuliza rangi kwenye magari huku amejifunga kitambaa tu usoni, na mwishowe hata maziwa yakiungua alikuwa hajui mpaka ayaone. Ambacho hakukijua ni jinsi wazee hawa wawili walivyokuwa wakiishi na tatizo hilo.

"Mimi naita, yeye ananusa," mzee alieleza, kwa sauti ya mtu anayeeleza kazi yake. "Kukiwa na harufu anapiga kelele. Kelele zake unazijua. Akinyamaza, hamna kitu, nawasha."

"Na sasa?"

"Sasa ananyamaza."

Binti akakaa chini, mgongo kwenye ukuta. Miezi mitano, kila asubuhi na kila jioni. Aliwaza gesi ile, nzito, inavyojilaza sakafuni bila haraka, na baba yake amesimama katikati yake akiridhishwa na ukimya. Mpira alikuwa ameubadilisha. Hili halikuwa na kipuri.

"Gesi basi, Baba. Tujaribu umeme. Umeme hauhitaji pua."

Alikuwa amekuja na jiko la umeme la sahani moja, alilolitengeneza mwenyewe. Aliufunga mtungi, akautoa nje uani, akaacha hewa ipite kwanza, ndipo akachomeka plagi na kuteleka birika. Mzee akavuta kigoda, akalikodolea jiko macho.

"Mbona halitoi moto?"

"Halitoi. Linapata joto tu."

"Jiko la kimyakimya! Wewe unanijua kweli?"

Maji yalipochemka, binti akazima na kuondoa birika. Akageuka kuangalia soketi, maana alisikia harufu ya plastiki inayoungua, ambayo mzee hakuisikia. Plagi ilikuwa ya moto, pembe moja imekuwa kahawia. Alishusha swichi kuu, akapima kwa testa kama umeme umekatika, akafungua soketi. Waya zilikuwa nyembamba, za kubeba taa na redio, na ganda lake lilimeguka vidoleni.

"Hizi haziwezi, Baba. Lazima nivute waya mpya kutoka..."

"Aa!"

Mzee alikuwa amegusa sahani ya jiko kwa mgongo wa vidole. Ndivyo alivyokuwa akipima rangi ya gari kama imekauka, kidogo tu, kwa haraka, miaka yote ile.

"Si umezima?"

"Nimezima. Joto hubaki."

"Sasa mtu atajuaje?"

Alimpeleka bombani, akamshikia mkono chini ya maji muda mrefu. Ngozi ilikuwa imeanza kuinuka. Hakumgombeza. Mzee naye hakufanya mzaha, na hilo ndilo lililomwogopesha binti kuliko nyusi zile.

"Ukiweka waya mpya," mzee akauliza, "nitabaki?"

"Kwanza niweke waya."

"Sikuuliza waya."

Binti akafunga maji. Alimkausha mkono kwa kanga yake, akamkatia mkate, akammiminia maji ya birika kikombeni. Kisha akazungushia utepe ncha za waya, akaanza kuchora kwa chaki njia ya waya mpya, kutoka soketi kupanda juu, kupita juu ya mlango. Mkono wake ulifika nusu ya ukuta ukasimama. Ngazi aliiacha nyumbani, na mwanga ulikuwa unaondoka.

"Kesho asubuhi nitakuja na ngazi," alisema. "Usiguse kitu."

"Kuna nini cha kugusa?"

Aliiacha swichi kuu chini, umeme umekatwa, akaondoka. Mzee alibaki mezani, mkate mbele yake, akiutazama ule mstari wa chaki ulioishia katikati ya ukuta.