Gome la Mti wa Homa

Xaveria alianza kumwogopa mama mkwe wake siku mumewe, Anselm, aliposhindwa kumsikia mtoto wao, Egidi, aliyekuwa akilia pembeni ya kitanda chake.

Kabla ya hapo ilikuwa homa tu. Anselm alikuwa fundi seremala pale Nangara, mtu wa kifua kipana, na mvua za mwaka themanini na tatu zilimlaza kama zilivyowalaza wengi. Zahanati haikuwa na dawa. Duka la ushirika halikuwa na sukari wala sabuni, seuze vidonge. Mama yake, Dorothea, aliposikia mwanawe hajiwezi, aliteremka kutoka Mbulu na kapu lake kuja kumuuguza, na Xaveria alimpokea kwa moyo mweupe.

Lakini homa ilipopungua, Anselm hakuinuka. Alitapika hata uji mwepesi. Alisema nyuki wameingia masikioni mwake. Akinyoosha mkono kuchukua kikombe, alipapasa hewani kama mtu aliyefungwa kitambaa usoni.

Ndipo Xaveria akaanza kuchungulia. Akagundua kwamba kila asubuhi, akienda kuteka maji, mama mkwe hubaki jikoni na kuurudishia mlango. Siku moja aligeuka njiani akarudi na ndoo tupu. Kwenye ufa wa mlango alimwona Dorothea akikwangua kitu kwa kisu juu ya sufuria, kipande cha gome jekundu, kisha akakifunga haraka kwenye kitambaa na kukisukuma chini kabisa ya kapu.

"Mama, unapika nini?" aliuliza akiingia.

Dorothea alishtuka. "Maji ya moto tu, Mama Egidi. Mbona umerudi bila maji?"

"Nimesahau kata."

Walitazamana. Hakuna aliyeamini jibu la mwenzake.

Tangu hapo chakula kikawa kigumu kumeza mle ndani. Xaveria alikumbuka jinsi mama huyu alivyoipinga ndoa yao, akitaka Anselm aoe binti wa jirani yake. Lakini mama atamuuaje mwanawe wa kumzaa? Labda dawa ililengwa kwake yeye, Xaveria, ikamkosa. Alivuta vuta mawazo hayo mpaka kichwa kikamuuma, na kila alipoinua macho alimkuta Dorothea naye akimtazama kama anayemhesabia pumzi.

Xaveria naye alikuwa na siri. Wiki ile homa ilipopanda, alimwendea Mikidadi, mchuuzi wa vitu vya mlango wa nyuma, akapata kwake vidonge vya kwinini. Mwaka ule, kukutwa na bidhaa ya magendo kulitosha kukutia ndani; watu walikuwa wametupa mitumba ya vitenge ziwani kwa kuwaogopa wapekuzi. Kwa hiyo vidonge alivificha ndani ya debe la unga, akamnywesha Anselm kwa siri kila siku, hata baada ya homa kupungua, akimwambia, "Usimwambie mtu, hata mama."

Asubuhi moja, Anselm aliposhindwa hata kusimama, Xaveria alisubiri Dorothea atoke. Alilifungua lile kapu, akavunja kipande cha gome, akakilamba. Kilikuwa kichungu cha kufa mtu. Akakifunga kwenye upindo wa kitenge na kushika njia ya zahanati karibu akimbie.

Kwenye benchi la zahanati alimkuta Dorothea.

Bibi yule aliinuka, akarudi nyuma hatua moja. Mkononi alikuwa amekunja kijikaratasi. Tabibu, mzee mmoja mpole aliyeitwa Teodori, alikuwa mbele yake.

"Ni huyu, daktari," Dorothea alisema. "Ndiye anayemlisha mwanangu hivi. Anavificha kwenye unga! Kama ni dawa, anaficha nini?"

Kwenye kijikaratasi kulikuwa na kidonge kimoja cheupe.

"Mimi?" Xaveria alifungua upindo. "Na hili je, Mama? Hili unalomkwangulia nikienda kisimani?"

Teodori aliomba vyote viwili. Alilinusa gome, akalivunja, akaling'ata kidogo, kisha akakilamba kidonge.

"Mama, gome hili umelitoa wapi?"

"Kwenye mti wa homa. Wajerumani waliupanda kwenye shamba lao kule juu. Baba yangu alitunywesha, na mimi nimewalea wanangu kwa huo huo. Nilimficha huyu kwa sababu alishasema dawa za kienyeji haziingii nyumbani kwake."

Ni kweli, Xaveria alikuwa amesema hivyo, tena mbele ya wageni.

"Nilikozaliwa mimi, Usambara, miti hii ilikuwa shamba zima," Teodori alisema. "Ni mti wa kwinini. Kidonge hiki na gome hili ni dawa moja. Mgonjwa wenu anakunywa dozi mbili kila siku, na ile ya sufuria hakuna anayejua ina nguvu kiasi gani. Kelele za masikio, macho, kutapika, yote ni hayo. Acheni vyote leo. Na kidonge umekipata wapi, sitaki kujua."

Walirudi Nangara mmoja mbele, mwingine nyuma. Kumhoji Anselm ilibidi kupiga kelele, majirani wakasikia kila neno.

"Kwa nini hukusema unakunywa vyote viwili?" Xaveria alilia.

"Kila mmoja alinikataza kusema!" Anselm alijibu kwa sauti kubwa isiyo na kipimo, kama ya wasiosikia. "Ningemkatalia nani? Mama yangu, au mke wangu?"

Alipona polepole. Macho yalirudi, nyuki wakapungua, ila sikio la kushoto halikurudi tena.

Dorothea alipoondoka, Xaveria alimsindikiza mpaka kwenye lori la Dareda, njia ya kwenda Mbulu. Wakisubiri dereva, bibi aliuliza bila kumtazama, "Kweli ulidhani naweza kumuua mwanangu?"

"Nilidhani, Mama. Na wewe?"

"Nilikuwa na hakika."

Xaveria alimshika kiwiko akamsaidia kupanda. "Nisamehe, Mama."

Dorothea alijipangia nafasi kati ya magunia, akaufunga mtandio wake vizuri kichwani. "Tusameheane," alisema. "Krismasi mleteni Egidi nimwone."