Paja la Kinyozi

Kinyozi huyu alikuwa amefanya kazi akiwa amesimama kwa miaka ishirini na sita. Nyonga yake ya kulia ilipoanza kusagika, mwili wenyewe ulizoea kuegemea kushoto, naye akaendelea kunyoa watu huku amekaa upande. Mwishowe hata zile ngazi mbili za mlango wa saluni zikamshinda. Wakamlaza hospitali, wakamwekea nyonga ya bandia.

Operesheni ilikwenda vizuri. Maumivu aliyolala nayo na kuamka nayo yaliisha, na ilipofika wiki ya tano aliweka gongo moja pembeni, akabaki na jingine. Mkewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Pacha, alibandika karatasi ya mazoezi kwenye mlango wa friji ili mtu asije akasingizia kusahau.

Ndipo paja likaanza.

Lilimuuma kwa mbele, kutoka juu mpaka karibu na goti, kila alipolala chali na kuinua mguu. Akifika mara kumi, linawaka moto. Akifika ishirini, linatetemeka lenyewe. Kinyozi akajiambia kimoyomoyo kwamba chuma kimelegea na watampasua tena. Hakuna alichokiogopa kama hicho, kwa hiyo hakumwambia mtu. Kila asubuhi alifunga mlango wa chumba, akafungulia redio kwa sauti ya juu, akalalamika humo ndani apendavyo.

"Tangu lini wewe ukapenda kipindi cha kilimo?" Mama Pacha alimuuliza.

"Mtu anajifunza."

"Una shamba gani?"

"Naweza kupata."

Siku moja umeme ukakatika. Redio ilinyamaza ghafla, lakini yeye alichelewa kunyamaza.

"Uuuwi, mama yangu!"

Mama Pacha alikuwa sebuleni akipiga pasi. Aliingia mbio, akamkuta mumewe sakafuni juu ya mkeka, mguu uko hewani, na kwenye kifundo amefunga taulo la saluni. Ndani ya taulo kulikuwa na kitu kizito chenye umbo analolijua.

"Baba Pacha, hiyo si sukari yangu?"

"Ni kwa ajili ya uzito kidogo," alisema, akiushusha mguu taratibu.

"Na mimi juzi nimegombana na dada yako kwa sukari hiyo hiyo!"

Alitaka kuendelea, lakini aliuona uso wa mumewe ulivyolowa jasho. Akakaa kitandani, sauti ikashuka. "Linauma tangu lini?"

"Wiki ya tatu hii."

"Wiki tatu. Na mimi humu ndani ni mgeni?"

Kinyozi akaanza kulifungua taulo kifundoni. Swali hilo lilimchoma kuliko paja.

Hawakusubiri kesho, wakaenda hospitali. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo, binti wa rika la watoto wao, alimwamkia kwa heshima, akamlaza, akalibonyeza paja na kuuzungusha mguu huku akiuliza. Linauma ukiwa umepumzika? Una homa? Mguu umevimba? Unaweza kuukanyagia? Majibu yote yalikuwa mazuri, ila bado alimpeleka akapigwe picha. Wakakaa kwenye benchi la korido, Mama Pacha ameshika kofia ya mumewe mapajani. Daktari alipoitazama picha, alitoka akasema nyonga imetulia pale pale walipoiweka.

Kinyozi alishusha pumzi mpaka yule wa jirani kwenye benchi akageuka.

"Sasa baba, niambie ukweli," binti alisema waliporudi chumbani kwake. "Karatasi inasema mara kumi, asubuhi na jioni. Wewe unafanya ngapi?"

Kinyozi aliangalia ukuta. "Arobaini."

"Na sukari," Mama Pacha akadakia.

"Sukari gani?"

Ikabidi aeleze. Binti alicheka mpaka akavuta kiti akakaa.

"Wateja wananisubiri," Kinyozi alijitetea. "Nilitaka nipone haraka."

"Baba, misuli ya paja hili imelala miaka mingi, mguu wa pili ndio ulikuwa unafanya kazi yote. Umeiamsha, na siku hiyo hiyo ukaibebesha mzigo. Lazima ipige kelele. Kuanzia leo mara kumi tu, bila uzito wowote, kisha weka kitambaa cha maji baridi na upumzike. Na siku likikuuma ukiwa umelala, au likivimba, usifungulie redio. Nipigie simu."

Kufanya kidogo kulimpa tabu kuliko kufanya kingi. Alijiona kama anadanganya. Mama Pacha alihesabu kutoka jikoni, mlango wazi, na akifika kumi alipaza sauti: "Basi!" Siku moja Kinyozi alijaribu kuiba ya kumi na moja. "Nimeusikia huo mkeka," mkewe alisema.

Maumivu hayakuondoka kwa siku moja. Yalipungua polepole, hata hakuyaona yakienda. Ila asubuhi fulani alikuwa amesimama kando ya jiko akingoja maji ya chai, akagundua kwamba amekanyaga kwa miguu yote miwili, sawasawa, na paja limenyamaza. Hakuthubutu kusogea. Maji yakachemka, yakamwagika.

"Unaota?" Mama Pacha aliuliza.

"Nimesimama tu."

Mkewe alimtazama miguuni, akaelewa. Akapunguza moto, akatia majani ya chai, na mabega yao yakagusana pale mbele ya jiko dogo.

Wiki iliyofuata alirudi saluni kwa nusu siku. Shemeji yake ndiye aliyetangulia kitini, nywele zimemjaa kama msitu.

"Miezi minne nimekungoja wewe tu," shemeji alisema.

"Nani alikutuma? Vinyozi wamejaa mjini."

"Wengine wanataka pesa ya kichwa hiki kabla hawajaanza."

Saluni nzima ikacheka. Kinyozi alimfunga kitambaa shingoni, akawasha mashine, akanyoa bila haraka kuanzia kisogoni. Alipomaliza, paja lilikuwa limechoka, uchovu wa kawaida wa mtu aliyefanya kazi.

"Jamani, paja langu limechoka," alisema kwa sauti. Akakaa kwenye benchi la wateja, katikati ya watu wawili waliokuwa wakibishana kuhusu mpira, akanyoosha mguu na kuanza kubishana nao.