Jumba la Wageni wa Serikali Kwenye Maegesho

Jumanne asubuhi Gulzar alishuka kutupa taka, akakuta nyuma ya ghorofa yao ya Scarborough, huko ughaibuni, pale yanapoegeshwa magari, pamesimama jumba la mbao. Nguzo nene, vigae vyeusi, na ncha za paa zimepinda juu kama midomo ya mtu anayezuia kucheka. Ukumbi wa katikati paa lake limepanda. Vyumba viwili vya ubavuni mapaa yao yamenyenyekea. Gulzar akatupa taka kwanza, halafu ndiyo akamwita jirani yake, Mama Seo.

"Hili la kwetu Korea, la zamani," akasema Mama Seo. "Wanalala wageni wa serikali. Ukumbini pana kibao cha mfalme. Afisa anakiinamia, kisha anakwenda kulala ubavuni. Sakafu yake ya moto."

"Moto, shoga?"

Ghorofani mitambo ya joto ilikuwa imekatika tangu Krismasi, na kifua cha Kamil, mumewe Gulzar, kilikuwa kinalia kama bawaba kavu. Gulzar akamteremsha na blanketi lake. Mlango ukagoma.

"Uambie mlango ulikuwa karani wa posta Tanga," Gulzar alimnong'oneza.

Kamil akauambia. Mlango ulifikiri kidogo, ukabaki umefungwa.

Mchana akaja mkaguzi wa serikali waliyemngoja wiki nzima, kupima hiyo baridi yao. Mlango ukamfungukia. Akavua viatu, akakiinamia kibao kama mtu aliyezoea, akajilaza chumba cha magharibi. Punde akagonga sakafu.

"Anaona baridi," akasema Mama Seo. "Tanuri liko nje, chini ya ukuta. Kuni wanatia wenyeji."

"Wenyeji ndiyo sisi?"

"Nani mwingine?"

Wakatia. Akiamka na raha zake, walisema, atatutengenezea joto letu. Zilianza mbao za nyuma ya duka, likafuata kabati la Gulzar, na droo zake. Mbele ya tanuri palienea kigoda kimoja tu, wakampa Kamil. Kifua kikanyamaza, mgongo ukaota theluji.

Jioni mkaguzi akatoka, mashavu mekundu, anajinyoosha.

"Joto lenu linatosha kabisa," akasema, akaondoka.

Kweli, alikuwa anatoka jasho. Na kwenye lango la maegesho alishaingia mkaguzi wa pili, kaja na mto wake kwapani.

"Gulzar," akaita Kamil kutoka kigodani, "kuni zimekwisha. Lete kitanda."

"Kitanda kipi, mzee?"

"Tuna vingapi?"

Gulzar akaazima bisibisi kwa Mama Seo, akapanda juu.