Mita Sita za Kaki

Binti alimkunjia mama yake noti kiganjani, akamfumba vidole kimoja kimoja. "Duka la dawa, mama, kisha nyumbani. Chupa imekauka tangu juzi. Daktari alisema jicho likikosa matone halirudi."

"Msikie huyu! Mimi ndiye niliyekuzaa au wewe ndiye uliyenizaa?"

Akatoka akicheka. Lakini mazoea yana taabu. Miaka thelathini, kila Jumamosi, mama huyo, ambaye zamani mtaa mzima ulimwita Fundi, alipita njia ileile hadi duka la vitambaa, na Jumamosi hiyo miguu haikumwomba ruhusa. Alipokanyaga kizingiti tu, akasikia mkasi ukila kitambaa: kraa!

"Fundi wangu!" mwenye duka alishangilia. "Nimekuona tangu ng'ambo ya barabara, nikajua ni mita sita zako za kaki."

Fundi akafungua kinywa. "Hapana" ni neno moja tu. Shule zilishahamia sare za kiwandani. Mwaka mzima hakuna aliyemletea hata suruali ya kupunguza. Kaki ya Jumamosi zote hizo ilikuwa imerundikana chini ya kitanda, haijaguswa.

"Bibi," alidakia msichana aliyekuwa akichagua vifungo, "siku hizi nani anashonesha? Nguo unaijaribu dukani, unaondoka nayo."

"Hizo zinazopasuka ukichutama?" mwenye duka akamjibu. "Heshimu watu, dada. Huyu ni fundi."

Wakacheka wote. Fundi akanyoosha mgongo. Jina hilo siku hizi alilisikia hapa tu. Akikataa kitambaa, atatoka mlango ule akiwa nani? Kikongwe anayepapasa ukuta? Kiganja kikafunguka chenyewe.

Nyumbani, binti aliliona furushi akakaa chini.

"Dawa iko wapi?"

"Nitaifuata Jumatatu."

"Kwa hela ipi, mama?"

Fundi alipapasa cherehani, akatandaza kaki, kisha akasema kwa sauti ya kazini, "Nitungie uzi."

Binti akatunga, machozi yakimdondokea mikononi.

Cherehani ikakimbia. Mshono ulikwenda vizuri kidogo, ukapinda, ukatoka ukingoni mwa kitambaa. Sindano ikaendelea kushona hewa, na mama yake akaendelea kukanyaga, uso umemchangamka.

"Umenyooka?"

Binti alimwekea mkono begani.

"Umenyooka, mama."