Nyasi za Mama Majaliwa

Kezia, ambaye kitongoji kizima humwita Mama Majaliwa, alianza kufyeka kuzunguka nyumba yake Jumanne asubuhi, maji ya chai yakiwa bado motoni. Alipobakiza kipande cha upande wa choo, alisimama kunyoosha mgongo. Nyasi zilizobaki zikaona hakuna haja ya kungoja zamu yao. Zikajing'oa, zikakunja mizizi kama wanawake wanaonyanyua kanga kuvuka tope, zikapanga mstari na kukatiza barabara iendayo Busunzu. Dereva wa bodaboda alisimama kuzipisha. Wengine hupiga honi, ila huyu alilelewa.

Zilikwenda walikokwenda wenzao wote, kwenye uwanja wa ofisi ya kata. Tangu itoke amri ya kila kaya kufyeka kuzuia moto wa kiangazi, nyasi za kijiji zilikuwa zikihamia huko, kwa kuwa ndipo mahali pekee pasipofyekwa. Mtendaji Hilali, mtu wa Lindi ambaye bado analalamikia baridi ya huku, alitangaza kila asubuhi kwa kipaza sauti: "Moto hauna mjomba! Fyekeni!" Sauti ilitoka katikati ya nyasi. Yeye mwenyewe ilionekana kofia tu.

Jiko la Kezia liliezekwa kwa nyasi, nalo lilitazamana na uwanja huo. Juu ya mafiga alikuwa ametundika mahindi ya mbegu ya msimu ujao, yakaushwe na moshi. Mbegu nyingine hakuwa nayo. Akamfuata Hilali.

"Bwana Mtendaji, fyekeni uwanja wenu. Moto ukishuka kilimani nitaungua mimi."

"Nyasi zile si za ofisi, Mama Majaliwa. Nimeziona kwa macho yangu zikitoka kwako. Njoo uzichukue."

"Nitazichukuaje?"

"Mbuzi wako akiingia shamba la watu unamchukuaje?"

Benedicto, fundi baiskeli wa ng'ambo ya barabara, alicheka mpaka spana ikamponyoka. "Zifunge kamba, mama!"

Kezia alikwenda na kamba kweli. Aliziita kwa Kiha, kwanza kwa upole, halafu kwa ukali wa mama mzazi. Nyasi zake alizitambua. Ziliinamisha vichwa kwa aibu, lakini hazikutoka. Akapewa onyo kwa kuachia nyasi zizurure katika eneo la serikali.

Ijumaa mchana moto ulishuka kilimani. Nyasi ziliusikia kabla ya watu. Zikakunja mizizi, na zote, za kijiji kizima, zikakimbilia mahali palipofyekwa vizuri kuliko pote, kwa Kezia. Zikajaa uani, zikabanana ukutani zikitetemeka. Moto ulipofika ofisini ulikuta udongo mtupu, ukakosa pa kukanyaga. Cheche chache tu ndizo zilizovuka barabara kwa upepo kuzifuata. Majirani walikuja na ndoo na matawi mabichi, naye Benedicto akapanda hadi juu ya bati la nyumba. Nyumba ikapona, na nyasi za uani zikapona. Paa la jiko likaungua, na mahindi ya mbegu yakageuka bisi.

Jumatatu walikuja wakaguzi kutoka mjini. Waliuzunguka uwanja wa ofisi, hawakuona hata jani, wakamkabidhi Hilali cheti cha kata ya mfano, akakitundika dirishani. Kisha wakavuka barabara, wakashindwa kuuona mlango wa Kezia kwa wingi wa nyasi, wakampa onyo la pili.

Jioni Kezia alichukua fyekeo. Kabla hajaliinua, nyasi zake mwenyewe zilijitenga na wenzao, zikapanda juu ya fito nyeusi za jiko moja baada ya moja, zikalala na kubanana vizuri.

"Wewe wa pembeni, geuka. Maji yatapita hapo," alisema.

Ikageuka.

Nyasi za wengine zikapanga mstari, zikarudi ofisini. Kulipokucha zilikuwa zimefika dirishani, kile cheti kisionekane tena kutoka nje. Kipaza sauti kikanguruma kutoka humo humo:

"Mama Majaliwa! Nyasi za juu ya paa nazo ni nyasi!"

"Mwakeye, Bwana Mtendaji," Kezia alijibu kwa salamu ya asubuhi ya Kiha, akajifunga kitenge vizuri na kwenda kwa Benedicto kuomba mbegu. Upepo ulikuwa ukivuma kutoka upande wa ofisi, kama kawaida yake.