Mwiko Uliokwenda Kuposa Kazi

Alfajiri ya leo, baada ya kuswali na kurudi kitandani kujiibia nusu saa ya usingizi, Makame Faki aliota. Kwao Wete, Pemba, watu huziamini ndoto za wakati huo kuliko redio, kwa hiyo naisimulia kama alivyoniambia, bila kutia chumvi.

Kwanza ujue alilala na hofu gani. Saa nne asubuhi hiyo alikuwa na usaili wa kazi ya upishi katika nyumba ya kulelea wazee huku ughaibuni, Winnipeg, na huo ulikuwa usaili wake wa nne tangu ahamie. Akipata, atakodi vyumba viwili awalete mkewe Biubwa na binti yao Sabiha. Akikosa, ataendelea kulala sebuleni kwa Sixbert, na Sabiha ataendelea kumjua baba yake kwenye simu.

Makame si mpishi wa kubahatisha. Amepikia harusi za Pemba miaka kumi na tisa. Lakini kwao mtu hajisemei. Sifa zako husemwa na wengine, na hata ukitaka kuoa unamtuma mshenga akakuombee, wewe unabaki nyumbani unakata kucha. Basi katika usaili wa kwanza, alipoulizwa kama anajua kupika, Makame alitazama magoti yake akajibu kwa adabu, "Nababaisha tu." Wenyewe wakaandika: anababaisha. Wa pili na wa tatu ikawa hivyo hivyo.

Sixbert, mwenyeji wake, mtu wa Kigoma asiye na subira hata ya chai kuchemka, alimwandikia masharti kwenye karatasi. "Kaka Makame, huku hakuna wa kukusemea," alimwambia. "Fika mapema. Watazame machoni. Jisifu bila aibu. Ukisema tena unababaisha, mimi mwenyewe nakufungia mlango." Makame aliikunja karatasi, akaitia mfukoni, akalala nayo.

Sasa ndoto.

Makame yuko nje kwenye theluji. Amevaa kanzu, na juu ya kanzu amefunga tai. Karatasi inasema kutoka mfukoni, kwa sauti ya karani aliyechoka: "Fika dakika kumi kabla." Anafika dakika kumi kabla, na jengo bado halijajengwa. Mafundi wanapanga matofali.

"Umewahi," anamwambia mmoja wao. "Shika ndoo."

Anashika ndoo. Dakika ya kumi wanatia mlango, anarudisha ndoo, anashukuru, anaingia.

Mapokezi hapana mtu, pana mti wa kutundikia makoti.

"Umekuja na nani?" mti unamuuliza.

"Peke yangu."

"Peke yako? Kuja kuposa?" Mti unatikisa makoti yake kwa masikitiko. "Nimesimama hapa miaka mingi, sijaona posa ya namna hiyo."

Makame anaona haya mpaka masikio yanamwaka moto. Kabla hajajibu, lifti inafunguka, na unatoka mwiko. Ni mwiko wake wa pilau, mrefu kama yeye, mweusi kwa moshi wa harusi zote zile, aliouacha umetundikwa ukutani jikoni Wete. Umevaa kofia ya viua, ile ya kudarizi kwa mkono, na unapumua kidogo kwa uchovu.

"Umefikaje huku?" Makame anauliza.

"Nimeulizia njia," unasema mwiko. "Kaa nyuma yangu, mwanangu. Inamisha kichwa. Usiseme kitu."

Hayo ndiyo maneno matamu kuliko yote aliyoambiwa Makame tangu ateremke kwenye ndege.

Chumba cha usaili kimetandikwa mkeka. Wamekaa wawili: mama mwenye miwani aliyevaa suti, na friji. Mwiko unavua viatu, sijui viatu gani, unakaa, unaanza salamu. Unauliza habari za nyumbani, za watoto, za wagonjwa, za baridi. "Baridi haijambo," linajibu friji. Salamu zinakwenda vizuri, wala hakuna anayetazama saa.

"Watazame machoni," inasema karatasi.

Mama anavua miwani kwa hisani. Friji linafungua mlango. Ndani mna trei ya mayai, lakini si mayai, ni macho, thelathini, yote yanapepesa. Makame anayatazama moja moja mpaka yanaisha, kwa kuwa sharti ni sharti. Mawili ya pembeni yanamsinzilia, naye anayasubiri.

"Haya," anasema yule mama, kwa Kiswahili kisicho na kasoro. "Karibuni. Mna shida gani?"

"Tumekuja kuomba," unasema mwiko. "Mna binti yenu humu ndani, jina lake Kazi. Kijana wetu anamtaka."

"Kijana wenu ana sifa gani?"

Mwiko unakohoa. "Siku ya harusi ya Kangagani mvua ilinyesha tangu asubuhi na kuni zote zililowa. Wageni mia saba. Wapishi wengine walitaka kurudi makwao. Huyu alikwenda nyumba kwa nyumba akaomba vifuu vya nazi, akawasha moto chini ya kipande cha bati, na pilau likaliwa saa saba kamili. Mwenyewe mpaka leo husema ni bahati."

Friji linaandika.

"Siku nyingine, huko mjini Chake, bibi yake bwana harusi hakuwa na jino hata moja. Hakuna aliyelikumbuka hilo. Huyu alimpikia chakula chake mbali, wali laini wa tui na samaki aliyechambuliwa miiba, akampelekea mwenyewe kabla wakubwa wote hawajapakuliwa. Bibi alikula mpaka akalamba vidole. Haya hakuyasema popote. Mimi nilikuwapo, ndiyo maana nayajua."

Makame amekaa nyuma, kichwa chini, anamsikiliza mtu huyo anayesimuliwa. Anampenda. Anatamani angemfahamu. Inamchukua muda kutambua kuwa ni yeye.

Ukutani kuna pazia jekundu. Linafunguka lenyewe.

Nyuma ya pazia hakuna ukuta. Kuna jiko lisilo na mwisho. Mafiga yamepangwa safu kwa safu mpaka macho yanachoka, na kila mafiga matatu yana moto unaowaka bila moshi. Masufuria ni makubwa kama nyumba, na mvuke wake unapanda mpaka juu kabisa, unaganda, unageuka theluji, theluji inabaki huko huko ikielea. Chini yake wamekaa wazee. Wazee wa nchi zote, maelfu, kila mmoja ameshika kijiko, na hakuna anayelalamika. Mbele kabisa amekaa yule bibi wa Chake, aliyekwisha kufariki, kanga yake safi, naye amepanga foleni kama wengine.

Makame anasahau kuinamisha kichwa. Hajapata kuona kitu kikubwa namna hiyo, wala kitu kinachomngoja yeye. Machozi yanamtoka, na hayafuti.

Sauti inatoka ndani ya masufuria yote kwa pamoja, sauti ya mwanamke, ya upole. Ndiye Kazi.

"Mshenga amesema vizuri," anasema. "Lakini kwetu mshenga anaishia penye pazia. Aliyetaka kunioa aseme mwenyewe."

Makame anaushika mwiko. "Usiondoke."

"Hapo mimi sina ruhusa, mwanangu," unasema mwiko. "Na mimi nimekoroga tu. Aliyepika ni wewe." Unajitoa taratibu mikononi mwake, unafungua mlango wa nje, unaingia kwenye theluji na kuzama mpaka kiunoni. Kofia yake inaonekana kidogo, kisha haionekani.

Bibi wa Chake anamtazama Makame.

"Mwanangu, ati wewe wajua kupika?"

Swali lile lile. Na ulimi wa Makame, uliolelewa vizuri, unajibu wenyewe: "Nababaisha tu, bibi."

Theluji inaanza kushuka. Moto wa karibu unazimika, halafu wa pili, halafu safu nzima. Mzee mmoja anatazama kijiko chake, anakiweka chini. Wa pili yake anaweka chini chake. Hakuna anayemlaumu, na hilo ndilo linalomuumiza Makame kuliko lawama. Wamemwamini alivyosema, kama wale waliomsaili mara tatu zilizopita.

"Umebakiwa na sekunde kumi," inasema karatasi. Halafu, kwa mara ya kwanza, inanong'ona kama mtu: "Tafadhali."

Makame anamtazama bibi machoni.

"Najua kupika," anasema.

Anashtuka mwenyewe. Haikuwa majivuno. Ilikuwa kama kusema leo ni Jumanne. Anasema tena, kwa nguvu: "Najua kupika, bibi. Najua sana. Mimi ni mpishi."

Mioto inawaka yote kwa mara moja. Theluji inapanda ilikotoka. Vijiko vinainuliwa, maelfu, vinagongwa sakafuni mara moja tu, na jengo lote linatetemeka mpaka kwenye matofali yaliyowekwa asubuhi ile.

Yule mama mwenye miwani anaandika kitu, anafunga daftari, anasema kama wasemavyo wenye binti kila mahali: "Tumesikia. Jibu mtaletewa nyumbani."

Hapo simu ikaita, Makame akaamka. Dirisha la sebule lilikuwa limeanza kupata mwanga. Aliyepiga alikuwa Biubwa, na kwao Wete ilikuwa alasiri.

"Baba Sabiha, nimekuamsha?"

"Nilikuwa naamka. Kuna nini?"

"Hakuna. Mwiko wako umeanguka ukutani sasa hivi. Misumari yote ipo, haukuguswa na mtu."

Makame aliketi.

"Umevunjika?"

"Haujavunjika. Lakini umelowa, na jua huku linachoma. Nilipouokota, kichwani ulikuwa na kitu cheupe, baridi kama barafu ya dukani ila laini. Nimemwita Sabiha aje aone, kikawa maji mkononi mwangu. Mkono bado una ganzi. Ni kitu gani hicho?"

Jikoni Sixbert alikuwa ameamka, anagonganisha vikombe na kuuliza kwa sauti kama masharti yamekaririwa.

"Nitakueleza jioni," alisema Makame. "Saa nne nina usaili."

"Najua, ndiyo maana moyo wanidunda. Wakikuuliza kama wajua kupika, utawaambia nini leo?"

"Nitawaambia najua."

"Miaka kumi na mmoja nimeolewa nawe," alisema Biubwa, na sauti yake ilikuwa imebadilika, "hata mimi hujapata kunambia hivyo."